Deni la Njiani: Safari, Hesabu na Mapenzi katika Filamu ya It Happened One Night

Utangulizi

Ramsa ya mapenzi haijapewa heshima kubwa katika uhakiki wetu. Tanzia huhesabiwa kuwa sanaa pevu kwa sababu humwonyesha binadamu akipambana na nguvu zinazomshinda. Ramsa nayo huachiwa saa za mapumziko. Mhakiki aliyezoea kuuliza kazi ya sanaa inamtumikia nani hukutana na hadithi ya mwanamume na mwanamke wanaogombana safarini na hatimaye kuoana, akaihukumu kwa sentensi moja tu: kwamba ni burudani, na kwamba burudani ya namna hii huwasahaulisha wanyonge unyonge wao. Makala haya yananuia kuipima sentensi hiyo. Hatukusudii kuitetea ramsa yote kwa jumla. Tunakusudia kuchunguza kazi moja kwa makini, kisha kuuliza ni nini hasa kinachosahauliwa ndani yake na ni nini kinachokumbukwa.

Kazi yenyewe ni filamu ya It Happened One Night, iliyoongozwa na Frank Capra na kutolewa na kampuni ya Columbia mnamo Februari 1934. Mswada uliandikwa na Robert Riskin kutokana na hadithi fupi ya Samuel Hopkins Adams iitwayo "Night Bus", iliyochapishwa mwaka 1933. Filamu hii ilikuwa ya kwanza kutwaa kwa pamoja tuzo tano kuu za Oscar: ya filamu bora, ya mwongozaji, ya mwigizaji wa kiume (Clark Gable), ya mwigizaji wa kike (Claudette Colbert) na ya mswada. Tangu wakati huo, muundo wake umeigwa mara nyingi kiasi kwamba mtazamaji wa leo hudhani ameuona tayari hata kama hajauona. Mtazamaji wa Mombasa au Zanzibar, ambako filamu za Kihindi zimekuwa na wapenzi wengi kwa miongo kadhaa, huenda anaijua hadithi hii kupitia Chori Chori ya mwaka 1956, iliyochezwa na Raj Kapoor na Nargis, au kupitia Dil Hai Ke Manta Nahin ya mwaka 1991. Kwa hiyo si kazi iliyo mbali nasi kama inavyodhaniwa.

Msuko wake ni mwepesi kusimulia. Ellie Andrews, binti wa tajiri mkubwa, amefunga ndoa ya kisheria na King Westley, rubani mpenda anasa, pasipo ridhaa ya baba yake. Baba anamzuilia katika mashua yake ya kifahari huko Miami ili ndoa ibatilishwe. Binti anajitosa majini, anatoroka, na kupanda basi la usiku liendalo New York ili amfuate mumewe. Ndani ya basi anakutana na Peter Warne, mwanahabari mwenye kiburi ambaye ndiyo kwanza amefutwa kazi na mhariri wake. Wanagombania kiti. Kufikia mwisho wa safari wanapendana.

Wahakiki wengi wameeleza mapenzi haya kwa kurejelea tofauti za tabaka na za tabia: maskini na tajiri, mjuzi na asiyejua, ambao safari inawalazimisha kukaa pamoja hadi chuki igeuke mvuto. Maelezo haya si makosa, lakini hayatoshi. Wasafiri wawili wasiolingana wanaweza kukaa kiti kimoja kutoka Miami hadi New York na kushuka wakiwa maadui zaidi ya walivyopanda. Hoja yetu ni kwamba kinachowageuza Ellie na Peter ni deni. Kila hatua ya mapenzi yao inapimwa kwa kitu kilicholipwa, kilichonyimwa, kilichorudishwa au kilichokataliwa. Asiyefuatilia hesabu hiyo hawezi kueleza kwa nini Peter, katika kilele cha filamu, anaingia nyumbani kwa tajiri na kudai dola 39 na senti 60.

Barabara si Msitu

Northrop Frye, katika Anatomy of Criticism (1957), alionyesha kwamba ramsa nyingi za Shakespeare zina mwendo mmoja. Wahusika hutoka katika ulimwengu wa kawaida wenye sheria kali, huingia katika kile alichokiita ulimwengu wa kijani, humo hubadilika, kisha hurejea nyumbani na kuijenga upya jamii yao kwa ndoa. Msitu wa Arden katika As You Like It ni mfano unaojulikana. Ni rahisi kuitazama barabara ya Capra kama msitu wa namna hiyo, na wapo waliofanya hivyo.

Tunadhani ulinganisho huo unaficha jambo la msingi. Msituni, utawala wa nyumbani husimama kwa muda. Ndani ya basi, utawala wa nyumbani, yaani utawala wa fedha, hausimami hata dakika moja. Unazidi kuonekana. Ellie alipokuwa mashuani hakuwa na haja ya kujua bei ya kitu chochote. Barabarani kila kitu kina bei: kiti, chakula, kitanda na maji ya kuoga. Sanduku lake linaibiwa katika kituo cha mwanzo, na anabaki na dola chache mkononi. Huko Jacksonville anamwambia dereva kwamba atachelewa kidogo, akiamini kwamba basi litamngoja kama watumishi wa nyumbani kwao walivyozoea kumngoja. Anaporudi, basi limekwisha kuondoka. Anayemngoja ni Peter, aliyekwisha kuiona picha yake gazetini na kumtambua.

Katika tukio hili dogo tunaiona tofauti kati ya msitu na barabara. Msitu humpokea mgeni, lakini barabara haimjui. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Ellie anapewa jembe siku ya kwanza. Asubuhi katika kambi ya wasafiri anaupita mstari wa wanawake wanaosubiri kuoga, akidhani mlango uko wazi kwa ajili yake. Wanamrudisha nyuma, naye anakwenda mwisho wa mstari na kungoja kama wengine. Capra halifanyi tukio hilo kuwa adhabu. Kamera inamwonyesha binti akianza kufurahia kuwa mmoja wa wengi. Hii ndiyo elimu anayopata, na si msitu uliompa elimu hiyo. Ameipata kwa kupanga foleni.

Mkataba na Bajeti

Uhusiano wa wawili hawa hauanzi kwa mapenzi. Unaanza kwa mkataba, tena mkataba wenye harufu ya hila. Peter anamwahidi Ellie kumfikisha kwa mumewe kwa sharti kwamba yeye peke yake ndiye atakayeiandika habari ya safari hiyo. Akikataa, Peter atamjulisha baba yake mahali alipo. Mhakiki asiseme, basi, kwamba Capra anamchora maskini kama malaika. Peter anaingia katika hadithi kama mfanyabiashara mdogo anayejaribu kuuza bidhaa moja aliyobahatika kuiokota.

Hata hivyo, ni Peter huyohuyo anayeleta dhana ya bajeti. Ellie anapomwita mchuuzi wa chokoleti ndani ya basi, Peter anamfukuza mchuuzi na kumweleza binti kwamba tangu sasa matumizi yake yana kipimo. Kwa juujuu hiki ni kichekesho cha mwanamume anayemtawala mwanamke, na tutalirudia suala hilo. Kwa undani, ni mara ya kwanza katika maisha ya Ellie ambapo mtu anamnyima kitu kwa sababu hakuna fedha. Baba yake alimnyima mengi kwa amri. Kunyimwa kwa amri humfanya mtu aasi, na ndiyo sababu Ellie aliruka majini. Kunyimwa kwa uhaba ni jambo jingine, maana anayenyima naye amenyimwa. Peter hali chokoleti anayomkataza Ellie. Usawa wao wa kwanza ni usawa wa mfuko mtupu.

Kifunguakinywa cha kambini kinaendeleza wazo hili. Yai, kahawa na donati vimehesabiwa, na Peter amevitayarisha kwa mikono yake. Anamfundisha Ellie namna ya kuchovya donati katika kahawa, somo ambalo wahakiki wamelitaja mara nyingi kama ishara ya binti wa tajiri kujifunza mila za watu wa kawaida. Tungeongeza kwamba mezani hapo hakuna chakula cha ziada. Mapenzi yanaanza pale ambapo kila tonge lina mwenyewe.

Mara baada ya hapo wapelelezi wa baba wanaingia. Ellie na Peter wanajifanya mume na mke wa tabaka la chini wanaogombana kwa kelele, na Ellie anaucheza mchezo huo kwa ustadi ambao Peter hakuutarajia. Wapelelezi wanaamini na kuondoka. Kinaya cha tukio hili ni kikubwa. Ellie ana ndoa halali kisheria na mtu ambaye hajawahi kuishi naye, na sasa ana ndoa ya uongo na mtu anayemjua njaa yake. Ile ya uongo ndiyo inayoaminika.

Mama Aliyezirai

Tukio ambalo halijapewa uzito unaostahili ni lile la mama na mtoto. Abiria wanaimba kwa pamoja, na basi zima limekuwa kama familia moja. Kisha basi linaacha njia na kukwama topeni. Wimbo unakatika, na mtoto mmoja anapiga ukelele: mama yake amezirai. Hakuzirai kwa ajili ya ajali. Amezirai kwa njaa. Fedha zote za familia zilikwisha kwenye nauli kwa sababu mama ameahidiwa kazi New York.

Ni lazima tukumbuke mwaka wenyewe. Mnamo 1933 takriban robo ya nguvukazi ya Marekani haikuwa na ajira. Watazamaji waliokaa mbele ya pazia la sinema mwanzoni mwa 1934 hawakuhitaji kuelezwa maana ya mtu kununua tiketi kwa fedha ya chakula. Kwa dakika moja, ramsa inaufungua mlango na kuiacha njaa halisi iingie.

Ellie anaichukua noti iliyo mkononi mwa Peter na kumpa mtoto. Anaitoa kama mtoto wa tajiri anavyotoa, bila kuihesabu. Lakini safari hii kutoa kuna gharama. Muda si mrefu wanalazimika kuliacha basi, kwa sababu abiria mmoja, Shapeley, ameiona gazetini zawadi ya dola 10,000 iliyotangazwa na baba yake Ellie. Wanatembea kwa miguu, wanavuka mto, wanalala shambani juu ya nyasi kavu. Hapo Ellie analia kwa sababu ana njaa. Peter anamletea karoti mbichi, naye anazikataa. Baadaye, barabarani, anazila.

Tunaona kwamba mpangilio huu haukutokea kwa bahati. Mtu aliyeishibisha njaa ya mwingine kwa noti isiyo yake sasa anaijua njaa kwa tumbo lake mwenyewe. Ukarimu wake ulikuwa wa bure, sasa umelipiwa. Karoti ile ndiyo risiti yake. Wahakiki wanaosema kwamba filamu hii huifanya njaa kuwa kichekesho wanasahau kwamba kichekesho cha karoti kinatanguliwa na mama aliyelala sakafuni mwa basi, na kwamba hakingekuwa na maana bila yeye.

Ukuta wa Blanketi

Mvua inapoharibu daraja, wasafiri wanalazimika kulala. Peter anakodi chumba kimoja, anatundika blanketi kwenye kamba kati ya vitanda viwili na kulipa jina la Kuta za Yeriko, kwa kurejelea habari za Yoshua na tarumbeta katika Agano la Kale. Stanley Cavell, katika Pursuits of Happiness (1981), aliliweka blanketi hili katikati ya usomaji wake wa filamu, akiliona kama mpaka wa kile mtu anachoweza kukijua kuhusu mwingine. Wengine wamelieleza kwa kutaja udhibiti. Kanuni za maadili za Hollywood zilikuwa zimeandikwa mwaka 1930, ingawa zilianza kutekelezwa kwa ukali Julai 1934, miezi michache baada ya filamu kutoka.

Tunakubaliana na Cavell kwamba blanketi ni zaidi ya hila ya kumkwepa mdhibiti. Lakini katika mfululizo wa hoja yetu lina kazi nyingine. Katika hadithi ambamo kila kitu kina bei, blanketi ni kitu pekee ambacho Peter anakitoa bila kukiweka katika hesabu. Amelipia chumba, amemtishia binti kwa mkataba, na bado anajenga ukuta unaomlinda dhidi yake mwenyewe. Ellie hana uwezo wa kuulipia ukuta huo, na Peter hamtozi. Msomaji anayejua kazi ya pazia katika nyumba za Waswahili hatashangaa kwamba kinachotenganisha ndicho pia kinachowawezesha watu kuzungumza. Ni kupitia blanketi hilo ndipo, usiku mwingine katika kambi nyingine, Peter anasimulia ndoto yake ya kisiwa cha Bahari ya Pasifiki na mwanamke wa kwenda naye huko. Ellie anauvuka ukuta na kukiri mapenzi yake. Peter anamrudisha kitandani kwake.

Kwa nini anamrudisha? Jibu la kawaida ni heshima. Jibu letu ni kwamba Peter hana senti. Ellie anapolala, Peter anaamka na kukimbilia New York kumwuzia mhariri habari yake kwa dola 1,000, ili arudi akiwa na kitu mkononi cha kuanzia maisha. Anataka kuposa bila kuwa mdeni. Kinaya ni kwamba hamu hiyo ya kutokuwa mdeni ndiyo inayokaribia kuvunja kila kitu. Wenye kambi wanagundua kwamba gari limeondoka, wanamfukuza Ellie, naye akiamini kwamba ametelekezwa anampigia simu baba yake. Peter anaporudi barabarani, msafara wa tajiri unampita ukielekea upande mwingine. Anazirudisha dola 1,000 kwa mhariri.

Dola 39 na Senti 60

Sasa tunaweza kuelewa kilele cha filamu. Baba amekubali shingo upande ndoa ya binti yake na Westley, na sherehe kubwa inaandaliwa. Peter anaandika barua kudai fedha. Baba anadhani amekuja kuchukua zawadi ya dola 10,000. Peter anaikataa. Anatoa orodha yake: fedha taslimu alizotumia, dola 8 na senti 60, koti, 15, sanduku, 7 na nusu, kofia, 4, mashati matatu, 4 na nusu. Jumla ni dola 39 na senti 60. Vitu hivyo aliviuza ili anunue petroli. Nguo za ndani na soksi alizouza pia, anasema, hazidai.

Hiki ni kichekesho, na hadhira hucheka. Lakini tukitazame kwa jicho la mtu aliyelelewa katika jamii zetu, ambamo mwanamume humwendea baba wa msichana akiwa na kitu. Upande wa mume ndio unaotoa, na mahari hueleza kwamba binti hachukuliwi bure. Peter anamwendea baba akidai. Mwelekeo wa fedha umepinduliwa. Hata hivyo adabu ya tendo lenyewe haijapinduliwa, kwani Peter naye anasema, kwa njia yake, kwamba haya hayakuwa biashara. Angepokea dola 10,000, siku zote zile za barabarani, karoti, blanketi na mto waliouvuka, vingekuwa kazi ya kumrudisha mtoto aliyepotea, nayo kazi imelipwa. Angekataa senti zote, angekuwa amemkopesha tajiri, na Ellie angekuwa deni la baba yake. Anapodai gharama halisi hadi senti ya mwisho, anakitenga kinachohesabika na kisichohesabika. Kinachohesabika kilipwe kiishe, maana dawa ya deni ni kulipa. Kilichobaki hakina bei, na kwa hiyo hakimilikiwi na mwenye fedha.

Andrews ndiye wa kwanza kuelewa. Anamkabili Peter kwa swali lilelile, kama anampenda binti yake, hadi Peter anakubali kwa hasira, akiungama kwamba naye ana kichaa chake. Tajiri aliyezoea kununua watu amekutana na mtu aliyekataa kununuliwa kwa bei kubwa na kukubali kulipwa kwa bei ndogo. Tofauti kati ya dola 10,000 na dola 39 na senti 60 ndiyo kipimo cha mapenzi katika filamu hii. Hakuna busu linalokieleza vizuri zaidi. Westley, kwa upande wake, anafika harusini akishuka kutoka angani kwa ndege yenye panga juu, na hatimaye ananunuliwa aondoke. Mmoja anasafiri bila kugusa ardhi na ana bei. Mwingine ametembea barabarani kwa miguu na hana bei.

Pingamizi Mbili

Pingamizi ya kwanza inatokana na mtazamo wa kijinsia. Peter ndiye anayefundisha, Ellie ndiye anayefundishwa. Peter ndiye anayeshika mfuko. Hata uamuzi wa mwisho unafanywa katika mazungumzo ya wanaume wawili, na baba ndiye anayemnong'oneza binti ukweli wakati wakielekea madhabahuni. Pingamizi hii ina nguvu, na hatutaki kuipunguza. Ni kweli pia kwamba filamu inaweka mipaka kwa ualimu wa Peter. Anapojigamba kwamba anajua mbinu zote za kuomba lifti kwa kidole gumba, magari yanampita yote. Ellie anainua sketi yake kidogo na gari la kwanza linasimama. Lakini elimu anayoruhusiwa kuionyesha ni ya mwili wake. Tungesema kwamba ushindi wake halisi ni mwingine: anauvuka ukuta wa blanketi kwanza, na anakimbia harusini akiwa na shela yake, akirudia tendo la mashuani. Tendo la kwanza lilikuwa uasi wa mtoto asiyejua bei ya kitu; la pili ni uamuzi wa mwanamke anayeijua. Kwa mtazamo huu safari imembadilisha, hata kama mlango umefunguliwa na baba.

Pingamizi ya pili ni ya kitabaka, na ndiyo inayoturudisha kwenye sentensi tuliyoanza nayo. Mwisho wa hadithi unategemea wema wa tajiri. Fedha za Andrews ndizo zinazombatilishia binti ndoa ya Westley. Maskini na tajiri wanaungana chumbani, na nje ya chumba hakuna kilichobadilika. Tunakubali. Ila tunaomba itazamwe pia picha ya mwisho. Katika ramsa anazozieleza Frye, wapenzi hurudi nyumbani. Ellie na Peter hawarudi katika jumba la Andrews. Wanarudi kambini, katika kijumba cha kukodi cha bei nafuu. Hatuwaoni, tunawaona wazee wenye kambi wakijiuliza kuhusu wageni walioomba kamba, blanketi na tarumbeta ya kuchezea. Tarumbeta inalia, blanketi linaanguka, taa inazimika. Capra amewaacha barabarani, mahali ambapo kila kitu kina bei na ambapo wamejifunza kisicho na bei.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba katika filamu hii mapenzi ya wasafiri wasiolingana hayawapeleki mbali na suala la uchumi. Yanajengwa kwa suala hilo: kwa bajeti, kwa noti, kwa karoti, kwa orodha ya mashati na kofia. Anayedai kwamba ramsa hii inawasahaulisha watu umaskini hajaisoma hesabu yake.

Lakini hesabu hiyo ina safu moja isiyofungwa. Peter amelipwa, mhariri amerudishiwa, Westley amenunuliwa, Andrews amepata mkwe anayemheshimu. Mama aliyezirai hatuambiwi alifika wapi. Alipewa noti moja, akabaki ndani ya basi pamoja na mwanawe, na hadithi ikashuka bila yeye. Filamu iliyojua hesabu hadi senti ya mwisho ilipokuwa ikipima mapenzi ya watu wawili haikumrudia yeye hata kwa sentensi moja. Hapa ndipo mhakiki wa kijamii anapaswa kuielekeza lawama yake: si kwa kucheka, wala kwa harusi, bali kwa deni lililotajwa waziwazi kisha likaachwa njiani. Lawama hiyo ni nzito zaidi kuliko ile ya kuiita ramsa burudani tupu, maana inatoka ndani ya kazi yenyewe. Ni Capra aliyetuonyesha mama huyo. Hatukuhitaji kumleta kutoka nje.

Mwanafunzi atakayetafiti filamu zilizoifuata hii, ziwe za Hollywood au za Bombay, tungemshauri aanze na swali dogo: katika safari hii, nani amelipa nauli, na nani hakurudishiwa chake?